Mwili Kwanza: Uuguzi wa Magonjwa ya Akili na Uamuzi wa Muuguzi Kinondoni na Temeke

Uuguzi wa magonjwa ya akili ni tawi la uuguzi linalomhudumia mtu ambaye fikra, hisia au mwenendo wake umebadilika kiasi cha kumvuruga maisha. Jijini Dar es Salaam kazi hii hufanyika karibu na watu kuliko wengi wanavyodhani. Ukitaja ugonjwa wa akili, wengi hufikiria hospitali ya Mirembe ya Dodoma au wodi za Muhimbili, lakini mgonjwa wa Chamazi, Tandika, Tandale au Bunju mara nyingi hupokewa kwanza na muuguzi wa zahanati ya mtaani kwake. Kutoka hapo hupelekwa kliniki ya afya ya akili ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, au ya Mwananyamala kwa upande wa Kinondoni. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni, na hapo Kigamboni na Ubungo zilikwisha kumegwa kuwa wilaya zinazojitegemea. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache mno kwa umati huo. Anayekuwa wa kwanza kumwona mgonjwa, anayekaa naye muda mrefu zaidi na anayegundua kwamba leo si kama jana, ni muuguzi.

Makala hii inaeleza uamuzi wa muuguzi huyo: unaanzia wapi, hupita njia gani, na huharibikia wapi. Msimamo wangu ni kwamba huharibikia zaidi pale mtu anapokwisha kuitwa kichaa, kwa sababu kuanzia hapo uchunguzi husimama. Homa haipimwi, kidonda hakifunuliwi, na malalamiko ya mgonjwa huhesabiwa kuwa sehemu ya wazimu wake.

Huduma ilivyofika mitaani

Tiba ya kisasa ya akili nchini ilianza mbali na jiji. Lutindi, kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walijenga mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yaligeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Utawala wa Kiingereza ulifungua Mirembe mwaka 1927, na jirani yake ikawepo Isanga kwa wagonjwa waliotenda makosa ya jinai. Mgonjwa wa pwani aliyepelekwa Dodoma alitenganishwa na ndugu zake kwa zaidi ya kilomita 400. Alipopata nafuu, mara nyingi hakukuwa na mtu wa kumpokea.

Baada ya uhuru mwelekeo ulibadilika. Vitengo vya akili vilifunguliwa katika hospitali za mikoa, na vikaanzishwa vijiji ambako waliopata nafuu walilima na kujifunza kazi huku wakiendelea na dawa. Vikuruti, kando ya Dar es Salaam, ni mojawapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpango wa taifa uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark ulijaribiwa Kilimanjaro na Morogoro, ukiwafundisha wahudumu wa vituo vya kawaida kutambua na kutibu magonjwa ya akili na kifafa. Shirika hilo lilipozindua mwaka 2008 mpango wa mhGAP wenye wazo hilohilo kwa nchi zenye wataalamu wachache, Tanzania ilikuwa imekwisha kulijaribu kwa zaidi ya miaka 20. Si jambo dogo, na halitajwi inavyostahili.

Mwaka huohuo wa 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Akili, na mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaowahusu pia wenye ulemavu unaotokana na ugonjwa wa akili. Wizara ya Afya huwaweka wagonjwa wa akili katika kundi la magonjwa sugu yanayosamehewa malipo kwenye vituo vya serikali, ingawa msamaha huo hauna faida siku ambayo dawa haipo dirishani na ndugu analazimika kwenda duka la dawa.

Uamuzi wa muuguzi

Mwaka 1952 Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, alitoa kitabu kilichoweka uhusiano wa muuguzi na mgonjwa katikati ya tiba: namna unavyokaa na mtu, unavyomsikiliza na unavyomjibu ni sehemu ya matibabu yake. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 2006, mwenzake Christine Tanner alipitia tafiti karibu 200 akazipanga hatua za uamuzi wa muuguzi kuwa nne: kugundua, kufasiri, kutenda na kutafakari kilichotokea. Mambo mawili aliyoyabaini yanagusa moja kwa moja kliniki za Temeke na Mwananyamala. La kwanza, uamuzi wa muuguzi huathiriwa zaidi na anachoingia nacho chumbani, yaani ujuzi wake, uzoefu wake na dhana zake, kuliko dalili zilizo mbele yake. La pili, uamuzi mzuri hutegemea kumjua mgonjwa mwenyewe na kawaida yake.

Kwa hiyo muuguzi aliyekua akisikia kwamba vichaa ni watu wa kuogopwa huingia na woga huo hata akiwa na cheti. Aliyelelewa akiamini kwamba ni majini tu hatauliza habari za homa. Mafunzo hayafuti dhana hizi kwa siku moja. Kinachosaidia ni utaratibu unaomlazimisha kuangalia hata pale moyo wake umekwisha kukata shauri.

Utaratibu huo ni uchunguzi wa hali ya akili. Muuguzi hutazama mavazi na usafi, jinsi mtu anavyokaa na kutembea, kama anamtazama usoni. Husikiliza kasi ya maneno na kama yanaungana. Huuliza moyo ukoje, kisha hulinganisha jibu na uso anaouona. Huuliza kama anasikia sauti wasizosikia wengine, sauti hizo zinasema nini, na kama zinamwamuru afanye jambo. Hupima kama anajua yuko wapi, ni siku gani, na amekuja na nani. Mwisho huuliza yeye mwenyewe anaionaje hali yake. Yote haya huandikwa kwa maneno ya mgonjwa. Kuandika "anaongea ovyo" hakumsaidii muuguzi wa zamu inayofuata. Kuandika "anasema jirani amemwekea waya kichwani, na usiku sauti ya mwanaume humwambia atoke nje" kunamwonyesha jambo la kufuatilia.

Mwili kwanza

Chukua mfano wa aina inayojulikana katika kila mapokezi ya jiji. Kijana dereva wa bodaboda analetwa na bajaji kutoka Mbagala, mikono imefungwa kamba. Wapo kaka zake wawili, na mjumbe amewasindikiza. Wanasema amerukwa na akili tangu juzi: anapiga kelele, hawatambui ndugu zake, anapangusa ukutani wadudu wasioonekana. Mama yake amekwisha kusema ni kazi ya watu.

Muuguzi anayejua kazi yake hushtushwa na neno "juzi". Skizofrenia kwa kawaida huja polepole, kwa miezi: kijana hujitenga, huacha kazi, huanza kushuku watu. Kuchanganyikiwa kwa siku mbili tatu ni habari ya mwili mpaka ithibitike vinginevyo. Ishara nyingine humwelekeza hukohuko. Mgonjwa anaona vitu badala ya kusikia sauti. Ufahamu wake unapanda na kushuka, asubuhi anajibu vizuri na jioni hajui alipo. Mchana analala na usiku anahangaika. Umri nao huzungumza: mtu wa miaka 55 ambaye hajawahi kuugua akili, akianza leo, achunguzwe mwili kwa makini zaidi.

Basi kabla ya sindano yoyote ya kutuliza, muuguzi hupima joto, mapigo ya moyo, upumuaji, shinikizo la damu na oksijeni. Hutoboa kidole mara moja kupata matone ya vipimo viwili: sukari na kipimo cha haraka cha malaria. Sukari ikishuka mno, mtu hupigana na watu asiowafahamu, na glukosi ya mshipani humrudishia akili ndani ya dakika chache. Hujaribu kuinamisha shingo. Ikikaza pamoja na joto kupanda, huenda ni homa ya uti wa mgongo. Hupapasa kichwa kutafuta uvimbe, kwa maana dereva wa bodaboda anaweza kuwa ameanguka wiki iliyopita na damu inavia taratibu ndani ya fuvu bila mtu kujua. Hushauri kipimo cha Virusi vya Ukimwi na cha kaswende, kwani vyote viwili huweza kufika kwenye ubongo. Huuliza kama alipata degedege, kwa sababu baada ya kifafa mtu anaweza kuchanganyikiwa kwa saa nyingi.

Na huuliza habari ya pombe kwa namna ambayo ndugu hawataificha. Mnywaji mkubwa wa gongo akiacha ghafla, labda kwa kukosa fedha au kwa kulazwa na ugonjwa mwingine, huanza kutetemeka. Siku ya pili au ya tatu huweza kuweweseka, jasho likimtoka na moyo ukienda mbio. Hali hiyo huua isipotibiwa. Huyu anahitaji diazepamu, maji ya mwilini, na vitamini B1 kabla ya glukosi, kwa sababu glukosi ikitangulia inaweza kuuumiza ubongo uliokwisha kukosa vitamini hiyo. Mpangilio wa sindano mbili tu unaweza kuamua kama mtu atatoka na kumbukumbu yake.

Upande wa pili wa jambo hili husemwa kidogo. Mgonjwa anayejulikana kliniki kwa miaka 10, mwenye faili nene, akisema tumbo linamuuma, hupewa dawa yake ya kila mwezi na kuambiwa arudi tarehe fulani. Watu wenye magonjwa makali ya akili hufa mapema kuliko wenzao duniani kote, na sehemu kubwa ya vifo hivyo husababishwa na moyo, kisukari, kifua kikuu na maambukizi, magonjwa ambayo mtu mwingine angepimwa na kutibiwa. Baadhi ya dawa, olanzapini ikiwemo, huongeza uzito na kupandisha sukari. Mzani, utepe wa kupima kiuno na kipimo cha sukari vina haki ya kuwa kwenye chumba cha kliniki ya akili sawa na kalamu.

Kamba, vurugu na utulivu

Mgonjwa akifika amefungwa, kazi ya kwanza ni kutazama vidole: rangi, joto, ganzi. Kamba ya manila iliyokaza mkono kwa saa kadhaa huweza kuua misuli na mishipa ya fahamu. Muuguzi huamua lini aifungue kwa kuangalia hatari iliyopo, lakini nia iwe kuifungua, na mgonjwa aambiwe hivyo.

Vurugu nyingi hupungua kwa maneno. Mtu mmoja tu azungumze. Wakizungumza sita, mgonjwa husikia kelele juu ya sauti zilizokwisha kumjaa kichwani. Muuguzi asimame pembeni kidogo, mbali kwa hatua mbili, mlango usizibwe kwa yeyote kati yao. Ajitambulishe kwa jina. Amwite mgonjwa kwa jina lake pamoja na heshima ya umri wake, kaka, baba, mama, dada, hata kama ndugu waliomleta wanamwita vingine. Aulize kama amekula. Maji ya kunywa yameshatuliza watu ambao walinzi walishindwa kuwashika.

Maneno yakishindwa, dawa hufuata. Haloperidoli pamoja na promethazini kwa sindano ya msuli ni mchanganyiko uliofanyiwa majaribio makubwa India na Brazili, na dawa zote mbili zinapatikana kwetu. Sindano hiyo haimalizi kazi. Kwa saa ya kwanza muuguzi humrudia mgonjwa kila baada ya dakika 15, akihesabu pumzi na kupima shinikizo la damu. Kumlaza mtu kifudifudi huku watu wamemkalia mgongoni ni hatari ya kufa kwa kukosa hewa, na hakuna haraka inayohalalisha jambo hilo. Kilichofanyika kiandikwe: nani aliamua, saa ngapi, kwa sababu gani, na mgonjwa alikuwaje baadaye.

Dawa na macho ya muuguzi

Hapa ndipo uamuzi wa muuguzi huonekana waziwazi, kwa sababu daktari huandika mara moja na muuguzi huona matokeo kila siku.

Kijana aliyeanza haloperidoli juzi anaweza kurudishwa shingo imepinda upande, macho yamekwama juu, ulimi umetoka. Kwa familia nyingi hiyo ni dalili kwamba jini limekasirika. Muuguzi hutambua kukaza kwa misuli kunakoletwa na dawa, humpa promethazini au dawa nyingine ya kulegeza, na mara nyingi ndani ya nusu saa shingo hunyooka mbele ya ndugu zake. Awaeleze hapohapo. Asipowaeleza, dawa itatupwa chooni, na kwa wanachokijua watakuwa na sababu.

Gumu zaidi ni kutotulia kunakoletwa na dawa hizohizo. Mgonjwa anatembea huku na huko, hawezi kukaa, anahamisha uzito mguu hadi mguu. Kwa jicho la haraka anaonekana ugonjwa umezidi, basi anaongezewa haloperidoli, na kila anapoongezewa anahangaika zaidi. Swali moja linatenganisha hali mbili hizi: "Ni mawazo yanayokufanya utembee, au ni miguu yenyewe?" Wengi hujibu miguu. Hapo dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa. Mateso ya hali hii ni makubwa kiasi cha kumsukuma mtu kutaka kujiua, na ni mateso tuliyoyaleta sisi. Ikija homa kali, mwili kukakamaa kama ubao na fahamu kupotea, dawa husimamishwa mara moja na mgonjwa hupelekwa penye uangalizi mkubwa, kwani hiyo ni dharura inayoua.

Sindano ya mwezi, ambayo wagonjwa wengi huijua kwa jina la Modecate, imeyeyushwa katika mafuta ya ufuta. Sindano na bomba viwe vikavu, ichomwe ndani ya msuli wa tako, na upande ubadilishwe kila mara. Ni dawa nzuri kwa anayesahau vidonge. Lakini ikishachomwa haitoki mwilini kwa wiki kadhaa, hivyo mwenye mwili unaodhurika upesi na dawa hizi aanze na vidonge kwanza.

Dawa za akili hugongana na nyingine, na Temeke na Kinondoni ni mahali ambapo mtu mmoja anaweza kuwa kwenye kliniki tatu. Karbamazepini hushusha nguvu ya dolutegraviri, dawa ya Virusi vya Ukimwi inayotumika sana sasa, pamoja na vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Valproati haifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ikiwa ipo njia nyingine, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni. Isoniazidi ya kifua kikuu yenyewe inaweza kuvuruga akili.

Kliniki za methadoni zinaonyesha jambo hili kuliko zote. Ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala mwaka 2012 na Temeke baada yake, kwa ajili ya vijana walioathirika na heroini. Mteja huja kila siku na kunywa dawa mbele ya mhudumu. Akianza matibabu ya kifua kikuu yenye rifampisini, ini huanza kuiondoa methadoni upesi zaidi, na ndani ya wiki moja au mbili anarudi akisema ana arosto: mafua, viungo kuuma, tumbo kukaza. Mhudumu mwenye dhana atasema anadanganya ili aongezewe. Anayejua atauliza, "Umeanzishiwa dawa gani mpya?" Kwa upande mwingine, mteja anayekuja akisinzia, mboni za macho zimekuwa ndogo na pumzi ni chache, huenda amechanganya na diazepamu au pombe. Dozi ya siku hiyo isubiri, kwa kuwa kumpa kunaweza kumuua. Mtu yuleyule huhitaji kuaminiwa Jumatatu na kuzuiwa Alhamisi, na tofauti huamuliwa na macho ya aliyempokea.

Mwezi wa Ramadhani unastahili swali lake. Wagonjwa wengi wa pwani hufunga, na wengine huacha dawa kimyakimya kwa sababu hakuna aliyewauliza. Dawa nyingi za akili zinaweza kuhamishiwa wakati wa futari na daku. Muuguzi alipange hilo mwezi wa Shaabani, kabla usingizi haujaanza kupotea.

Swali la kujiua

Wauguzi wengi huliogopa swali hili wakidhani litamtia mgonjwa wazo. Tafiti zimeonyesha kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, na wengi hupata ahueni ya kuulizwa. Huanza kwa mbali: kuna siku umetamani usiamke? Kisha karibu: umefikiria kujiua? Kisha karibu zaidi: umepanga namna gani, na kitu hicho unacho nyumbani? Majibu hupanga hatua. Mwenye wazo bila mpango, mwenye dada anayeishi naye, anaweza kurudi nyumbani na miadi ya siku chache. Mwenye sumu ya panya chini ya kitanda haondoki peke yake.

Uamuzi mwingine uko kwenye idadi ya vidonge. Amitriptilini hutibu sonona na ni ya bei nafuu, lakini vidonge vya mwezi mzima vikimezwa pamoja huua kwa kuvuruga moyo. Kwa mwenye hatari ni bora apewe vya wiki moja, vikae kwa ndugu, hata kama nauli ya kurudi kila wiki kutoka Chamazi ni mzigo. Tena hatari haiishi mgonjwa anapoanza kuchangamka: nguvu ya mwili inaweza kurudi kabla ya tumaini.

Sheria ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kinakiuka katiba. Mgonjwa anayeogopa polisi hatasema alichomeza, na saa zinazopotea akificha ndizo za kuoshwa tumbo na kupewa dawa ya kuzuia sumu. Naamini kifungu chetu kinaua, na wauguzi wana haki ya kulisema hilo.

Mama wa arobaini

Mzazi wa pwani hukaa ndani siku 40, akiogeshwa na kupikiwa. Desturi hii humpumzisha mama, na pia inaweza kumficha. Wazimu wa baada ya kujifungua huanza mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza: halali hata mtoto akilala, anaongea haraka, anasema mtoto si wake au ametumwa. Ni dharura kwa wawili. Hapa pia mwili hutangulia, kwa kuwa maambukizi ya kizazi na kifafa cha mimba huweza kuanza kwa kuchanganyikiwa. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto asisubiri chanjo ya wiki ya sita. Amwambie bibi au shangazi anayemhudumia mzazi, siku ileile ya kutoka wodini, kwamba akikosa usingizi siku mbili mfululizo bila mtoto kumsumbua, arudishwe.

Waganga, maombi na kombe

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kutoka Dar es Salaam ulilinganisha wagonjwa wa vituo vya afya na wa waganga wa jadi. Magonjwa ya kawaida ya akili, kama sonona na wasiwasi, yalipatikana kwa asilimia 24 ya wa vituoni na asilimia 48 ya wa kwa waganga. Maana yake ni kwamba wenye sonona wengi wako kwa mganga, kwenye kombe (maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji ya kunywa) na kwenye mikesha ya maombi, na huko hueleza kinachowasumbua kwa lugha yao: mawazo mengi, moyo kwenda mbio, kichwa kujaa, mwili kuchomwachomwa.

Muuguzi anayewakemea hupoteza habari muhimu. Aulize kwa heshima wamepita wapi, amenyweshwa nini, amefungishwa chakula siku ngapi, ameambiwa aache dawa au la. Aulize pia ndugu wa dini na kabila lake kama anayoyasema ni ya kawaida kwao. Mtu anayesema amepandwa na pepo kwenye ngoma na kesho yuko sokoni anauza samaki si mgonjwa. Kombe halizuii vidonge. Kufungwa minyororo, kuchapwa na kunyimwa chakula kunazuia kila kitu, na hapo muuguzi ana wajibu wa kusema hapana na kushirikisha serikali ya mtaa na ustawi wa jamii.

Baada ya kliniki

Kila mgonjwa ana namna yake ya kuanza kuumwa tena. Mmoja hukesha, wa pili huacha kuoga, wa tatu huanza kununua vitu asivyovihitaji. Ndugu huijua kabla ya hospitali, hivyo muuguzi aiandike ndani ya faili pamoja na namba ya simu ya anayeishi naye, siku ambayo mgonjwa ni mzima na anaweza kukubali hilo. Anayeacha dawa mara nyingi ana sababu inayosikika: amenenepa, nguvu za kiume zimepungua, anasinzia kazini, nauli hakuna, au amepona na haoni haja. Kila sababu ina jibu lake, na hakuna hata moja linalopatikana kwa kumfokea.

Kwa msomaji mwenye ndugu anayeugua: ukimpeleka Temeke, Mwananyamala au zahanati ya mtaani kwako, beba dawa zote anazotumia, za hospitali, za dukani na za mganga, hata chupa tupu. Mweleze muuguzi hali ilianza lini na ilianzaje. Kisha omba apimwe joto na sukari kabla hajachomwa sindano. Ni haki yake.